Mchapishaji Si Mpiga Chapa: Uhakiki wa Mpango wa Jarida la Muziki

Muhula uliopita kikundi cha wanafunzi wetu kiliniletea mpango wa jarida jipya la muziki kwa Kiswahili. Makala zao za majaribio zilinifurahisha. Lugha imenyooka, na uchambuzi wa taarabu na rumba umeandikwa na watu waliosikiliza kwa makini. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho ulinitia wasiwasi. Chini ya neno "Mchapishaji" waliandika jina la duka moja la Nasser Road, hapa Kampala, lililokubali kuwatolea nakala elfu moja.

Huyo si mchapishaji, ni mpiga chapa. Tutazame mofolojia: "chapisha" imebeba kiambishi cha kutendesha. Mchapishaji ni yule anayefanya kazi ichapwe, yaani anaigharimia, anatafuta matangazo na kubeba hasara. Mpiga chapa hudai malipo yake, jarida liuzwe lisiuzwe. Kwa kuwachanganya wawili hawa, wanafunzi hawakuona kuwa hasara yote imebaki mifukoni mwao, na fedha walizochanga ni za chakula na nauli.

Kuhusu usambazaji, mpango unasema tu kwamba jarida "litasambazwa kote." Hiyo ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Nani atasambaza? Kwa kawaida majarida huwekwa kwa wauzaji kwa mali kauli: yasiyouzwa hurudishwa, msambazaji hukata fungu lake, na kinachobaki humfikia mwenye jarida baada ya wiki nyingi. Toleo la pili hudai fedha kabla la kwanza halijalipa. Kwa hiyo msambazaji aulizwe mapema: anafika miji ipi, anakata kiasi gani, analipa lini, na nakala zinazorudi ni gharama ya nani?

Jambo la tatu ni umiliki. Nchini Uingereza, Nick Logan, aliyewahi kuwa mhariri wa NME, alianzisha jarida la Smash Hits mwaka 1978 chini ya kampuni ya EMAP. Kampuni hiyo ilipokataa wazo lake la The Face, alilianzisha mwenyewe mwaka 1980 kwa akiba yake ya pauni 3,500. Jina likawa mali yake. Mwaka 1999 aliiuzia EMAP ile ile, nayo ikalifunga jarida mwaka 2004. Lilifufuliwa mwaka 2019 na wamiliki wengine. Mwenye jina ndiye mwenye uamuzi wa kufungua na kufunga. Mpango wa wanafunzi wetu haukusema jina ni la nani.

Sikuwakataza. Niliwashauri waanze na nakala mia mbili, wauze wenyewe kwenye matamasha, wahesabu zilizobaki, ndipo wakamwone mchapishaji wakiwa na takwimu mkononi. Nasi walimu tuna letu: tunapofundisha kauli za vitenzi, tusisahau kuuliza nani analipa.