Fumanizi la Ethan Frome

Ukimuuliza aliyesoma Ethan Frome, riwaya fupi ya Edith Wharton ya 1911, atakuambia habari za mapenzi na ile ajali ya kuteleza kwenye theluji. Mimi nimeirudia juzi, na kilichonishika ni kazi za nyumbani.

Nyumba za wakulima wa New England, huko Marekani, zilikuwa na jengo refu ubavuni, la kuunganisha nyumba na banda la kuni na zizi la ng'ombe. Baridi ikiuma unakwenda kukamua bila kutoka nje. Ethan amelibomoa la kwake. Mistari michache tu, lakini jamani, ufukara wote umo humo.

Halafu kuna usiku wa Jumamosi. Ethan anashuka kimyakimya kusugua sakafu ya jikoni, kumfichia aibu Mattie, binamu wa mkewe, anayewafanyia kazi bila mshahara na hajui kazi. Siku moja mkewe, Zeena, anamkuta akisukasuka maziwa kutoa siagi. Hasemi kitu, anageuka. Kwangu hilo ndilo fumanizi lenyewe, si busu.

Ninachomlaumu Wharton ni huyu Zeena. Alikuja kumuuguza mama yake Ethan. Mama akafa msimu wa baridi, Ethan akaogopa upweke, akamwoa. Miaka saba ya jiko na ndoo haina ukurasa, magonjwa yake yana kurasa tele. Na baada ya ajali ni huyohuyo mgonjwa anayeinuka kuwauguza wenzake, miaka zaidi ya 20. Hilo tunalipata kwa mdomo wa jirani, basi.