Barua na Mwandikiwa Wake: Maandishi ya Mama Teresa Mikononi mwa Wakusanyaji

Kiswahili kina maneno mawili, barua na waraka, ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa visawe. Hata hivyo, msomaji wa Agano Jipya katika tafsiri ya zamani hulijua neno waraka kuwa jina la maandishi ya Mtume Paulo kwa Warumi na Wakorintho, ilhali barua ni ile iletwayo na posta. Tofauti hiyo haitokani na urefu wa maandishi. Barua ina mwandikiwa anayejulikana kwa jina, na huandikwa kwa kumzingatia yeye. Waraka humpita mwandikiwa wake wa kwanza, ukasomwa na halaiki. Makala haya yanachunguza jinsi barua inavyogeuzwa kuwa waraka na watu wengine pasipo ridhaa ya mwandishi. Mfano utakaotumika ni barua za Mama Teresa wa Calcutta (1910–1997), ambazo baadhi yake zilichapishwa mwaka wa 2007 katika kitabu Come Be My Light, kilichohaririwa na Padre Brian Kolodiejchuk.

Wakusanyaji wa barua za watu mashuhuri wa dini ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mnunuzi wa mnadani. Kwake yeye, barua iliyoandikwa yote kwa mkono na kutiwa sahihi ina thamani kuliko ile iliyopigwa taipu na kutiwa sahihi tu, na hii nayo huzidi kadi ya sala yenye jina la mtakatifu. Maudhui huja baadaye, kama yakija. Huko Ulaya katika karne ya 19 walikuwako wakusanyaji waliokata sahihi kwa mkasi, wakaibandika katika albamu na kuitupa barua yenyewe. Huo ndio upeo wa kusoma bila kusoma. Kwa upande wa Wakatoliki jambo hili lina utata zaidi. Kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, na kwa mapokeo ya Kanisa kitu alichokitumia mtakatifu huhesabiwa miongoni mwa masalia. Mama Teresa alitangazwa mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016. Pamoja na hayo, barua za watakatifu huuzwa kwa jina la hati za kihistoria, na jina hilo huwaondolea wauzaji na wanunuzi lawama.

Mkusanyaji wa pili ni Kanisa lenyewe, na huyu ndiye anayemhusu mhakiki zaidi. Utaratibu wa kumtangaza mtu mtakatifu unadai kwamba maandishi yake yakusanywe na kuchunguzwa. Kolodiejchuk, padre wa familia ya Wamisionari wa Upendo, ndiye aliyekabidhiwa jukumu la kuitetea kesi ya Mama Teresa. Barua muhimu alizozikusanya zilikuwa zimeandikwa kwa watu wachache: Askofu Mkuu Ferdinand Périer wa Calcutta, Padre Celeste Van Exem aliyekuwa mlezi wake wa kiroho, Padre Lawrence Picachy ambaye baadaye alifanywa kardinali, na mwanateolojia Joseph Neuner. Wote hao walikuwa Wajesuiti. Humo Mama Teresa anaeleza giza lililoikumba roho yake muda mfupi baada ya kuanza kazi miongoni mwa maskini, na ambalo lilidumu miaka mingi: anaomba na hasikii chochote, anawahubiria wengine upendo wa Mungu naye haonji upendo huo.

Aliomba barua hizo ziharibiwe. Aliliomba jambo hilo zaidi ya mara moja tangu miaka ya 1950, kwa hofu kwamba watu wakizisoma watamtazama yeye badala ya kumtazama Yesu. Wapokezi hawakumtii. Sheria ina jibu lake: tangu kesi ya Alexander Pope dhidi ya mchapishaji Edmund Curll, iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1741, imekubalika kwamba karatasi ni mali ya aliyeandikiwa, lakini maneno hubaki kuwa ya aliyeandika. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, Périer na wenzake walikuwa na haki ya kuhifadhi. Walihifadhi, na walifanya vyema. Pasipo ukaidi wao, Mama Teresa angebaki kuwa picha ya tabasamu ukutani. Tatizo ni lile lililofuata baada ya kuhifadhi.

Tazama kwanza lugha ya barua zenyewe. Mama Teresa alizaliwa Skopje katika familia ya Kialbania, na Kiingereza alijifunza alipojiunga na watawa wa Loreto mwaka wa 1928. Katika barua hizi Kiingereza chake ni cha maneno mafupi na sentensi zinazokatwakatwa kwa vistari mahali pa nukta. Kistari hicho si uzembe wa uakifishaji. Kinafanya kazi ya pumzi: kauli inaanza, inasita, inarudi kinyume chake. Anapoandika kwamba hana imani, mara hufuata kistari na ombi linaloelekezwa kwa Mungu yuleyule. Msomaji anayechomoa nusu ya kwanza ya kauli hiyo na kuiacha ya pili ameua mtindo na maana kwa pamoja.

Nalo ndilo lililotokea mwaka wa 2007. Magazeti yalichomoa vipande. Wapinzani wa dini walidai kwamba mwanamke huyu hakuamini. Watetezi wakajibu kwamba huo ni usiku wa roho uliokwisha kuelezwa na Yohane wa Msalaba katika karne ya 16. Pande zote mbili zilisoma barua kana kwamba ni tawasifu, yaani kauli ya mtu juu ya nafsi yake mbele ya ulimwengu. Lakini mtu anayemwandikia mlezi wake wa kiroho yuko karibu na kitubio: wajibu wake ni kutaja lililo baya zaidi, maana lililo jema halihitaji tiba. Barua ya aina hiyo ina chumvi ya unyofu ambayo haipimwi kwa mizani ya hotuba.

Sehemu ya lawama ni ya mhariri. Barua hazikuchapishwa zikiwa kamili na zikifuatana peke yake. Zimetiwa vipande vipande ndani ya simulizi la Kolodiejchuk mwenyewe, naye ni wakili wa utakatifu. Kila penye giza, maelezo yake hutangulia au hufuata ili kumwonyesha msomaji njia. Sauti za wapokezi hutokea hapa na pale, lakini zinatawaliwa na msimulizi. Upungufu huu unajulikana katika historia ya maandishi ya watawa. Tawasifu ya Thérèse wa Lisieux ilitolewa mwaka wa 1898 ikiwa imerekebishwa sana na dada yake, na wasomaji walingoja hadi mwaka wa 1956 kuona nakala ya mwandiko wake halisi. Barua za Mama Teresa zinastahili toleo la namna hiyo, lenye picha za mwandiko, tarehe, na majibu yote yaliyosalia.

Haja hiyo inadhihirika zaidi katika barua ya mwaka wa 1959 ambayo Mama Teresa alimwandikia Yesu, kisha akaipeleka kwa Picachy. Mwandikiwa anayetajwa ndiye asiyejibu, na huko kutojibu ndiko kunakolalamikiwa. Picachy anasoma barua ambayo si yake, kwa ruhusa ya mwandishi. Mnunuzi wa mnadani angeanza kwa kutafuta sahihi chini ya ukurasa. Msomaji wa kitabu naye anaipata barua ikiwa imekwisha kufafanuliwa, akiwa mtu wa tatu kuifungua, na wa kwanza ambaye hakukusudiwa.