Mteja wa tarakilishi si mteja wa dukani

JUMA lililopita nilikuwa nyumbani Wamunyu. Faili niliyoihitaji ilikuwa kwenye tarakilishi ya ofisini, kwa hivyo nikaingia saiba moja sokoni ili niifikie nikiwa huko huko. Kijana wa saiba aliponitambua, akatoa kijitabu anachosomea ufundi wa kompyuta. "Mwalimu, hebu nisaidie. Sura hii nimeirudia mara tatu na bado haingii."

Sura yenyewe iliitwa "Kuhudumia Jumbe za Wateja". Nikadhani ni somo la biashara. Kumbe mada ni jinsi seva ya kuendeshea tarakilishi kwa mbali inavyoshughulikia ujumbe unaotoka kwa programu ya upande wa pili! Mfasiri aliliona neno mteja, akakumbuka kaunta ya benki, basi akaendelea hivyo hivyo: mteja "akaribishwe", "asikizwe kwa upole", ombi lake "litimizwe bila kuchelewa". Kiswahili chake ni safi, upatanisho wa kisarufi hauna doa. Ila anayesoma hawezi kujua nani anamwambia nani nini.

Sililaumu neno mteja. Ni istilahi nzuri, ingawa hapa Kenya limepata bahati mbaya. Sauti ya simu imetuambia kwa miaka mingi kwamba mteja hapatikani, mpaka vijana wakiikuta simu imezimwa husema mwenyewe "yuko mteja". Mteja wa tarakilishi ni kinyume chake kabisa: ndiye aanzishaye mawasiliano, tena hanyamazi. Chukua VNC, mfumo uliobuniwa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990. Itifaki yake, iliyochapishwa rasmi mwaka 2011 kama RFC 6143, inataja aina sita za msingi za ujumbe wa mteja, na baiti ya kwanza ndiyo inayoitambulisha aina. Mteja hueleza rangi ziandikwe vipi na picha zifumbwe vipi, huomba picha mpya ya kiwambo, huarifu kitufe kikibonyezwa na kikiachiliwa, kipanya kikisogea, na matini ikinakiliwa. Ukiandika herufi moja tu, zimekwenda taarifa mbili: kidole kimeshuka, kidole kimeinuka. Nayo seva haitumi picha ya kiwambo mpaka iombwe.

Hapo ndipo kitenzi "kuhudumia" kinapoanguka. Kazi ya seva haianzi kwa kutii, inaanza kwa kutambua na kukagua. Ujumbe wa matini iliyonakiliwa hutanguliwa na tarakimu ya urefu, iliyowekwa katika baiti 4. Tarakimu hiyo inaweza kudai kwamba baiti zaidi ya bilioni 4 ziko njiani. Je, seva iamini? Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba LibVNCServer, maktaba ya programu inayotumiwa kuundia seva za aina hii, ilikuwa haiikagui tarakimu hiyo ipasavyo, na kwamba kosa hilo lingeweza kufichua data iliyosalia kwenye kumbukumbu ya mashine. Sasa mwambie mwanafunzi kwamba ombi la mteja "litimizwe bila kuchelewa". Umemfundisha kosa lile lile, tena kwa Kiswahili sanifu.

Nilimweleza kijana kwa mfano wa nyumbani. Tangu Mutisya Munge arudi kutoka Tanganyika na ufundi wa kuchonga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamunyu imezoea wateja wa mbali. Mtu akikupigia kwamba anakuletea magogo 40, hutayapokea kwa kusikia tu. Utasubiri lori, utahesabu, na yakizidi nafasi ya kibandani utakataa. "Kwa hivyo seva ni fundi?" akauliza. Ndiyo, lakini fundi asiyemwona mteja usoni, na asiyejua kama ni mteja kweli au ni mwizi.

Kuhusu jumbe, wasomaji wangu wanajua msimamo wangu. Jumbe kwangu ni yule mkuu wa mji wa pwani, na wingi wake ni majumbe. Ujumbe ni ujumbe, hata uwe mia. Wenzangu wanaoutia katika ngeli ya U-ZI wana hoja yao, na sitapigana nao leo, maana kosa la sura hii ni kubwa kuliko wingi wa nomino.

Nilichukua kalamu. Kichwa nikakifanya "Jinsi Seva Inavyopokea na Kukagua Ujumbe wa Programu ya Mteja". Ni kirefu, nakubali. Kila palipoandikwa mteja, kijana akaandika pembeni "programu", kisha akasoma upya kwa sauti. Alipofika kwenye "asikizwe kwa upole" akacheka, akaikata sentensi nzima. Aya ya tatu ilitushinda sote wawili. Mfasiri alikuwa ameruka mstari mzima wa asilia, nao ulikuwa mstari wa urefu.