Nizwa, Siku ya Nne, na Sitaki Kurudi

Mbuzi alinikanyaga kidole cha mguu saa moja kasorobo asubuhi, na mimi ndiye niliyemwomba radhi. Hivyo ndivyo Nizwa ilivyonikaribisha. Leo ni siku ya nne, kidole bado kimevimba, tiketi ya kurudi Mombasa imekaa mkobani kama barua ya deni, na kichwa kimejaa mambo ambayo nikiyaacha yapoe nitayasahau. Basi niyaandike yakiwa yanafuka moshi.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mnada wa mifugo. Jamani, mnada! Nimepita soko la Mariakani mara nyingi, nikadhani najua mbuzi huuzwaje. Hapa hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Watu wamejipanga duara mbili, wengine ndani, wengine nje, na katikati yao imebaki njia nyembamba. Humo ndimo wauzaji wanamozunguka mbio mbio, kila mmoja na kamba mkononi, wakiburura mbuzi, kondoo na ndama huku wakipaza bei. Mzee mwenye kanzu nyeupe na kilemba cha zambarau ananyoosha mkono, anamkamata mnyama, anamfunua midomo aone meno, anamtomasa mgongo, kisha anamwachia bila kutamka neno. Muuzaji anakimbia tena. Akirudi mzunguko wa pili bei imebadilika, na mzee yule yule anajifanya hajawahi kumwona mbuzi huyo maishani mwake.

Nilikuwa nimejisahau mdomo wazi katikati ya njia, ndipo nikakanyagwa. Nikapiga ukelele, "Uwi!" Sauti nyuma yangu ikasema, kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na hata chembe ya vumbi: "Pole mwanangu. Huyo ana haraka, ameshauzwa."

Niligeuka. Kilemba, jambia kiunoni, ndevu nyeupe. "Shikamoo, ami." "Marahaba. Mmeamkaje Mombasa?" Hata sijamwambia nimetoka wapi! Amenijulia kwenye ule "uwi" tu. Najua, najua, kila mtu wa pwani ameshasikia kwamba Oman kuna Waswahili: waliokuja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita watu warudi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kupewa pole na mtu mwenye jambia, katikati ya mbuzi, chini ya milima isiyo na hata jani, ni kitu kingine kabisa. Akaniambia ana duka sokoni, nipite kabla sijaondoka. Mtu huyu tutarudi kwake.

Hatua chache kutoka mnadani ipo ngome, na hapo mtu wa Mombasa inabidi ashike ukuta asianguke. Mnara wake mnene wa duara ulijengwa kwa amri ya Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, yule yule aliyewatimua Wareno Maskati mwaka 1650. Ujenzi, wanasema, ulichukua miaka 12. Sawa. Sasa sikiliza: mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyetuma jeshi likaizingira Fort Jesus kwa karibu miaka 3 mpaka ikaanguka Desemba 1698. Fort Jesus yangu mimi! Ile niliyokuwa nikinunua viazi karai mbele yake kila nikitoka shule. Nimekulia kwenye kurasa za mwisho za hadithi, na kumbe za mwanzo ziko huku, kwenye mawe makavu kama ukoko.

Ngazi ya kupanda juu ya mnara ni mtego mtupu. Inakata kona, kisha mlango mzito, kisha kona, kisha mlango, na juu ya kila mlango kuna tundu. Kupitia matundu hayo walikuwa wakiwamwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Asali ya tende! Kufa kwa utamu. Ukifika juu unapigwa na upepo na unaona kila kitu kwa pamoja: soko, kuba la msikiti, milima ya rangi ya kutu, na kuzunguka yote hayo bahari ya mitende. Si shamba, ni bahari. Ndipo nikajiuliza swali ambalo limenitawala siku zote nne: maji yanatoka wapi?

Jibu ni falaji. Ukija Nizwa ukatazama ngome tu usitazame falaji, umekula ganda ukatupa embe. Chini ya mlima huchimbwa kisima mama kinachofikia maji ya ardhini, kisha kutoka hapo huchimbwa handaki lenye mteremko mdogo mno, maji yajiendee yenyewe, bila pampu, mpaka yatokeze mjini. Kwanza watu wanakunywa, kisha yanapita pa kutawadhia na kuogea, kisha mitende, mwisho mazao ya chini. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa muda. Zamani mchana walitumia kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, usiku nyota. Oman ina falaji zipatazo 3,000 ambazo bado zinatiririka. 5 kati yake ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mojawapo, Falaj Daris, iko hapa hapa Nizwa, ndani ya bustani, bure, watoto wanatumbukiza miguu. Nami nikatumbukiza kidole changu kilichovimba. Dawa.

Na huu ndio msimu wenyewe! Mwishoni mwa Februari na Machi jua la mchana bado lina adabu, usiku unatafuta shali, na mitende iko kwenye harusi. Sitanii. Mtende dume na mtende jike ni miti tofauti, na huku hawaungojei upepo ufanye kazi. Nilimwona kijana amejifunga kamba kiunoni na kwenye shina, akapanda kwa visigino kama anapanda ngazi za nyumbani kwao. Kule juu akapasua kikole cha jike, akapachika ndani yake vijiti vya maua ya dume, akafunga kwa ukuti, akashuka, akahamia mtende wa pili. Nimekula tende maisha yangu yote, kila Ramadhani, na sikujua kwamba karibu kila kokwa imepitia mkono wa mtu. Nilisimama pale saa nzima. Ukija Juni utakuta joto limepita nyuzi 40, na harusi hii utahadithiwa tu.

Kama una nafasi ya safari moja tu nje ya mji, iwe kasri ya Jabrin. Usibishane nami. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na kwa mbali unaona boksi kubwa la rangi ya mchanga lisilosema kitu. Ingia ndani. Dari zimechorwa maua, mzabibu na maandishi, nyekundu na nyeusi na dhahabu iliyofifia, mpaka shingo inauma. Kuna ukumbi wenye madirisha ya chini na madirisha ya juu: hewa baridi inaingia huku, ya moto inatokea kule, na mchana ule wa jua nilihisi kijibaridi cha kweli kwenye vifundo vya miguu. Kuna ghala la tende lenye sakafu ya mifereji, magunia yalipangwa juu yake, yakajikamua kwa uzito wao wenyewe, na asali ikatiririka mtungini.

Aliyeijenga, miaka ya 1670, ni Bil'arab bin Sultan, mwana mwingine wa yule mjenga mnara. Alipenda wanazuoni na washairi, akaweka madrasa ndani ya kasri. Na ndugu yake Saif, huyu huyu wa Fort Jesus, akamwasi. Akamzingira humu humu, chini ya dari hizi hizi, na Bil'arab akafia ndani mwaka 1692. Miaka 4 baadaye merikebu za Saif zilikuwa mbele ya Mombasa. Kaburi la Bil'arab liko chini ya kasri, na maji ya falaji yanapita karibu nalo. Saif naye Waomani wanamkumbuka kwa falaji alizochimbisha na mitende aliyopanda. Nilikaa pale nikajaribu kumchukia, nikashindwa. Maji yalikuwa yanasikika.

Bahla iko njiani, ngome kubwa ya udongo, ya kwanza Oman kuingia urithi wa dunia, 1987. Waomani wenyewe watakwambia mji huu una majini. Mtu wa Pemba atajisikia nyumbani. Mimi nilinunua mtungi nikaondoka kabla ya magharibi.

Jabal Akhdar sasa. Hapa nilifanya ujinga: nilikodi gari dogo. Chini ya mlima, baada tu ya Birkat al Mawz, kuna kizuizi cha polisi, na bila gari la kuvuta magurudumu yote manne hupandi. Haki yao, teremko lile lingenila. Kesho yake nikalipa dereva, na tulipofika uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nikajuta kutobeba sweta. Vijiji vitatu vimening'inia ukingoni mwa bonde, Al Ayn, Al Aqar na Ash Shurayjah, na chini yao matuta ya mashamba yameshuka kama ngazi za jitu. Vitunguu saumu vimechipua kijani. Milozi na miaprikoti imechanua kwenye matawi yasiyo na jani hata moja, maua meupe yenye waridi kwa mbali, kama mtu amepuliza unga juu ya kuni kavu. Nililia kidogo. Dereva akajifanya anatazama tairi.

Waridi lenyewe bado. Huchumwa Aprili hadi katikati ya Mei, ndipo majiko ya udongo yanapowashwa na nyumba nzima kugeuka kiwanda cha marashi mawaridi. Nimeonyeshwa jiko tu, kuta nyeusi tititi kwa moshi wa miaka, na ukiusogeza uso karibu, harufu bado imo. Nilikuwa nimewahi mno. Sababu ya kurudi, naiandika hapa ili mume wangu aisome.

Kuhusu Jabal Shams sitasema mengi kwa sababu sikuyaona mengi. Ni mlima mrefu kuliko yote Oman, kama mita 3,000, na bondeni kwake ardhi imepasuka mpaka macho hayafiki chini. Kuna njia ya kutembea ukingoni kwenda kijiji kilichohamwa, jabali upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Nilitembea robo yake nimeshika jiwe. Mbuzi wa huko wanairuka. Mbuzi tena!

Pango la Al Hoota lina ziwa la samaki vipofu. Zuri, lakini unaongozwa kwa kundi na mimi sipendi kundi. Misfat al Abriyyin napenda zaidi: kijiji cha vichochoro ambamo falaji inapita katikati ya nyumba, na unatembea kwenye ukingo wake kama mlevi. Makumbusho makubwa yaliyofunguliwa Manah mwaka 2023 yana pembe kali zinazoiga milima, na ndani ni siku nzima; mimi nilikuwa na saa moja na nusu, nikatoka na njaa. Matuta ya mchanga ya Sharqiya ni zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka hapa. Nimeyaacha. Nilikwambia, mimi na maji.

Mambo ya kuzingatia: soko hufunga mchana mpaka kama saa kumi, usipigane nalo, lala. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo tazama kalenda kabla hujakata tiketi. Usiku tafuta moshi kando ya barabara: ni mishkaki, na wanaiita hivyo hivyo, ila herufi ya mwisho wanaimeza.

Jana jioni nikapita dukani kwa yule mzee. Kumbe anauza halua. Nyuma ya duka kijana alikuwa akikoroga sufuria la shaba kwa mwiko mrefu kama kasia: wanga, sukari, samli, hiliki, zafarani, na marashi ya kule mlimani. Mzee akanimegea ya moto kwenye kisahani, akanimiminia kahawa chungu kwenye kifinjani, kikiisha anajaza, kikiisha anajaza, mpaka nilipokumbuka kukitikisa, yaani basi, imetosha. Halua ilinata, ikateleza, ikapotea. Nikamwambia, ami, Mombasa tunajidai tuna halua. Akacheka mpaka jambia likatikisika.

Nilipotoa pesa akaisukuma nyuma.

"Ukija tena," akasema, "niletee ubuyu."

"Mabuyu? Yale mekundu?"

"Mekundu. Na usimwambie mke wangu, meno yenyewe yamebaki manne."