Bustani ya Babeli au ya Ninawi? Uhakiki wa Hoja ya Stephanie Dalley

Kati ya maajabu saba ya dunia ya kale, Bustani Zinazoning'inia za Babeli pekee ndizo zisizojulikana zilikuwa wapi. (Neno "kuning'inia" linapotosha kidogo: linaleta picha ya nguo kwenye kamba, ilhali waandishi wa kale wanaeleza miti iliyopandwa juu ya matao.) Katika kitabu chake cha mwaka 2013, Stephanie Dalley, msomi wa Oxford, anadai kwamba bustani hizo zilikuwa Ninawi, na aliyezijenga ni Senakeribu, si Nebukadneza. Nusu ya hoja yake naikubali, nusu naikataa.

Ninayoikubali ina ushahidi wa mawe. Senakeribu, aliyetawala kuanzia 705 hadi 681 KK, alichimba mifereji kutoka milimani, na huko Jerwan mabaki ya daraja lake la maji, lililojengwa kwa mawe yanayozidi milioni mbili, yanaonekana hadi leo. Upo pia mchongo wa ukutani wa enzi za mjukuu wake Ashurbanipali, ambao sasa uko London: kilima kimejaa miti, na maji yanakifikia kwa mfereji uliobebwa na matao. Nebukadneza naye alijisifu katika maandishi yake kwa kuta na mahekalu, lakini bustani hiyo hakuitaja. Mfalme gani hunyamazia ajabu lake?

Tatizo linaanzia kwenye jina. Waandishi wa Kigiriki walisema Babeli. Ili kuvuka hapo, Dalley anadai kwamba Ninawi nayo iliwahi kuitwa Babeli. Na Beroso, kuhani wa Babeli, ambaye Yosefo anamnukuu akisema Nebukadneza alimjengea bustani mkewe aliyetamani milima ya Umedi? Dalley anatilia shaka kwamba maneno hayo ni ya Beroso. Hapa ndipo ninaposita. Shahidi anayemuunga mkono anasikilizwa. Anayempinga anaambiwa kauli si yake. Tena, kuthibitisha kwamba Ninawi ilikuwa na bustani si kuthibitisha kwamba ndiyo waliyoisimulia Wagiriki, karne kadhaa baada ya mji huo kuanguka mwaka 612 KK.

Wanaoitetea Babeli nao hawana pa kusimama. Robert Koldewey, aliyechimba huko kuanzia 1899 hadi 1917, alipata vyumba vyenye matao akadhani ameifikia bustani. Vibao vya udongo vilivyotoka humo vilikuwa na orodha za mgao wa mafuta, ukiwemo wa Yehoyakini, mfalme wa Yuda aliyekuwa mateka. Inaelekea lilikuwa ghala.