Nyumba Inayopishana na Upepo

Nyumba hutaka kimo. Hutaka mtu asimame wima akipika, ajigeuze kitandani bila kugonga kiwiko, apate choo na mahali pa kuoga. Barabara hutaka gari fupi, jembamba, jepesi. Fundi anayebuni gari la kulala linalotumia umeme lazima ayasikilize madai yote mawili, na katika usanifu wa magari sioni kazi inayostahili heshima kuliko hiyo.

Ugumu wake huanzia kwenye betri. Stella Vita, gari la kulala lililobuniwa na wanafunzi 22 wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2021, lina betri ya uniti 60, uniti zile zile tunazosoma kwenye mita za nyumbani. Zinasikika nyingi, kumbe lita 6 tu za dizeli zina nishati ya kiasi hicho. Ni kweli mota haipotezi nishati kwa joto kama injini, lakini akiba bado ni ndogo. Gari la dizeli laweza kuwa na umbo la kabati na likafika, maana tangi lake huficha uzembe wa mbunifu. Betri haifichi kitu.

Na mlaji mkuu wa akiba hiyo kwenye barabara kuu ni hewa. Dereva aliyewahi kufunga mizigo mirefu kwenye keria anajua mafuta yanavyokwenda. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, nguvu ya hewa inayolizuia gari huongezeka zaidi ya mara mbili. Wengi hudhani shida yote iko usoni. Uso una sehemu yake, ndiyo: kabla Volkswagen hawajaanza kuzalisha Transporter mwaka 1950, umbo lake lilipimwa kwenye handaki la upepo huko Braunschweig, Ujerumani. Uso ulipokunjwa katikati na kioo cha mbele kikagawanywa vipande viwili, kipimo cha ukinzani wa hewa kilishuka kutoka 0.75 hadi 0.44. Sura ile iliyopendwa duniani kote, ambayo wengi waliiona kuwa ni urembo tu, ilichongwa na upepo.

Lakini hasara kubwa hujificha nyuma. Hewa iliyoteleza juu ya paa ikikuta gari limekatika ghafla, haiwezi kukata kona. Huachana na bodi, hujizungusha ovyo, na nyuma ya mlango hubaki mkandamizo mdogo unaolivuta gari lisiende. Dawa yake ni mkia unaoshuka taratibu, umbo la tone. Hapo sasa nyumba inadai haki yake: mkia ukishuka, kitanda kikae wapi, na anayepika asimame wapi?

Jibu la vijana wa Eindhoven ndilo lililonishikisha kalamu. Stella Vita likiwa safarini paa hulala chini, na gari zima huwa tone refu. Likiegeshwa, paa hunyanyuka, wenyeji wakasimama wima, na paneli za ziada za sola hufunguka hadi eneo lote likafika mita za mraba 17.5, mara mbili ya lile la barabarani. Kimo hakikukatwa, kimeahirishwa. Wakati wa kusafiri hakuna anayekihitaji, na wakati wa kupumzika hakuna upepo wa kukitoza ushuru. Kwa kitanda, jiko, bafu na choo ndani yake, gari lina uzito wa kilo 1,700 hivi, na kwa hesabu za wabunifu wake betri ikijaa huenda kilomita 600: uniti moja kwa kilomita 10. Siku ya jua kali hufika 730. Mwaka ule ule waliliendesha hadi Tarifa, kusini kabisa mwa Uhispania.

Mafundi wa Arusha na Nairobi wanaojenga bodi za magari ya watalii wanalijua paa la kunyanyuka tangu zamani. Wamelifunga kwenye magari mengi ili wageni wasimame kutazama wanyama. Mikono ipo. Magari ya umeme yanapoingia kwenye karakana hizo, ombi langu kwao ni moja: washughulikie mkia wa gari kwanza, ndipo waulize bei ya betri.