Kidonda cha Baba Kwanza, Mapenzi Baadaye

Filamu ya ndoa ya rangi mbili hujaribiwa pale baba anapokataa. Mwaka 1967, katika Guess Who's Coming to Dinner, mwelekezi Stanley Kramer alimpa Sidney Poitier nafasi ya mchumba daktari asiye na doa, ili wazazi wasibaki na pingamizi ila rangi yake. Mjadala ukamalizwa kwa siku moja, karibu wote ndani ya nyumba moja. Mira Nair, kwa mswada wa Sooni Taraporevala, alipita njia nyingine katika Mississippi Masala ya 1991. Njia hiyo inaanzia Kampala.

Tazama mpangilio wake. Kabla ya wapenzi kukutana tunapelekwa Uganda ya 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90 waondoke. Jay, wakili mzaliwa wa huko, amewekwa ndani kwa kumsema Amin kwenye BBC. Okelo, rafiki yake tangu utotoni, anatoa hongo ili aachiliwe. Kisha Okelo huyohuyo anamwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Jay anaihama nchi bila kumuaga. Baada ya hapo kamera inatambaa juu ya ramani, Uganda hadi Uingereza hadi Marekani, na miaka 18 imepita.

Hivyo binti yake Mina anapompenda Demetrius, msafisha mazulia mweusi anayeigizwa na Denzel Washington, mtazamaji anakijua kidonda cha Jay kabla hajasikia neno lake la kukataa. Nair hamwachilii, hata hivyo. Demetrius anamkabili uso kwa uso na kumkumbusha kwamba ngozi zao zimepishana kidogo tu.

Ustadi mwingine umo katika onyesho la simu. Kila mpenzi yuko kitandani kwake, na picha zinakatwa huku na huku mpaka unasahau kwamba kati yao kuna familia mbili zisizotaka kusikia habari hiyo.

Mwishoni Kramer anampa baba hotuba ndefu. Nair anampandisha Jay ndege arudi Kampala kudai mali yake, na huko anaambiwa kwamba Okelo aliuawa zamani. Kinyongo cha miaka yote kinakosa mtu wa kukibeba. Katikati ya umati mtoto mdogo anaugusa uso wake, na Jay anaachana na kesi.

Sisi wa Chepseon, huku Kericho, tuna sababu ya kujifunza hapa. Kericho ina gurdwara, hekalu la Masingasinga, na maduka ya Wahindi, na mashamba ya chai yamewaleta Waluo, Wagusii na Waluhya kuishi na Wakipsigis. Mwaka uleule wa filamu ya Kramer, sheria ya leseni za biashara ya Kenya iliwabana wafanyabiashara wasio raia, Waasia wengi wakiwemo. Kijana wetu anayetaka kutengeneza filamu ya koito (mazungumzo ya posa na mahari) iliyogomewa asianze na wazee wakiwa wamekwisha kuketi. Atafute kwanza kilichowapata, duka lililofungwa au nyumba iliyochomwa, akiweke mwanzoni. Miongoni mwa watazamaji wake watakuwamo wanaokubaliana na mzee anayekataa. Hao ndio filamu inapaswa kuwafikia, na hawatasikiliza mpaka waone kwamba machungu yao yamehesabiwa.